Ng'ombe Si Posho

Kwenye sherehe za Karatu, watu wakishakula nyama ya kwanza na kushushia na soda, mazungumzo huwa ni mishahara. Usibishe. Mtaanza na mvua, mtapita kwenye bei ya mahindi, lakini kabla keki haijakatwa mtakuwa mmeshajua nani analipwa nini na nani anajidai tu. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa Januari kwenye komunio ya kwanza ya mtoto wa Apolinari, na mwalimu Fabian Hhando alikuwa amekaa meza hiyohiyo ya wenye pesa zao, akichokonoa mfupa uliokwisha nyama zamani.

Apolinari alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa watalii. Anawateremsha wageni kreta ya Ngorongoro asubuhi, anawapandisha jioni, na safari ikiisha vizuri wanamwachia tipu ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, mwalimu anaipata baada ya mwezi mzima wa chaki. Hakuyasema kwa ubaya. Apolinari ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. Kulia kwake alikaa Julius, dalali wa vitunguu kutoka Mang'ola, ambaye hata mshahara hana, ana misimu tu. Msimu ukikubali anaezeka nyumba upya, ukikataa anakopa na kucheka. Hata fundi aliyekuja kufunga turubai la sherehe alikuwa na neno la kujivunia.

"Na huko Piyaya unakofundisha, shemeji," Apolinari akauliza, "hawawaongezei chochote kwa kukaa na simba?"

Fabian akamjibu kwamba hapana, mshahara wa Piyaya ni sawa na wa Karatu, na wa Karatu ni sawa na wa Dar es Salaam. Daraja moja, mshahara mmoja. Meza nzima ikacheka, na yeye akacheka nao kwa sababu ukikaa na watu kwenye sherehe huwezi kununa peke yako.

Hapo ndipo penye kuudhi. Serikali inalipa sawa, kweli. Barabara ndiyo inayokata. Mwalimu wa mjini anatoka darasani, anavuka barabara, anatoa pesa kwa wakala na kununua nyanya kabla jua halijatua. Mwalimu wa Piyaya hana wakala mwenye pesa za kumtolea mshahara wote, basi anapanda pikipiki mpaka mjini Wasso kuufuata, na nauli, gesti na sahani ya wali vinauuma njiani kabla haujamjua mwenyewe. Sukari ikifika kule imeshapanda bei utadhani imepandishwa cheo. Halafu mtu aliyeshiba anakuambia ualimu ni wito. Sawa, ni wito. Nenda dukani na wito wako uone kama utapimiwa unga.

Mkewe, Hyasinta, alisikia kila kitu kutoka kwenye masufuria ya pilau, na hakucheka. Yeye alikuwa msimamizi wa wasafisha vyumba katika loji moja ya watalii, na kila mtu pale mezani alijua, bila kuambiwa, kwamba analipwa kumzidi mumewe. Jambo hilo halikuwahi kuwagombanisha. Kilichowagombanisha ni kwamba kwa miaka mitano mizima mume alikuwa Piyaya na mke Karatu, na binti yao Dorkasi, aliyekuwa anaanza darasa la kwanza wiki hiyo, alimjua baba yake kama watu wanavyoijua Krismasi: anakuja, panakuwa na nyama, anaondoka.

Wageni walipopungua na wao wawili wakabaki wanaosha masufuria, Hyasinta akamweleza habari iliyokuwa inamwasha tangu asubuhi. Mtunza stoo wa loji anaacha kazi. Meneja amekubali kumchukua Fabian. Mshahara ni karibu mara mbili ya ule wa ualimu, na chakula cha mchana juu. Nafasi itamsubiri mpaka Pasaka, si zaidi.

"Baba Dorkasi, sisemi kwa sababu ya pesa," akamwambia. "Mshahara wako sijawahi kuulaumu, unajua. Nataka mtu ndani ya nyumba. Ukipata uhamisho kabla ya Pasaka, njoo na chaki zako, nitakupokea. Usipopata, utahesabu mayai na mashuka pale stoo, lakini tutakuwa pamoja."

Fabian akakubali. Angekataa kwa uso gani? Lakini moyo ulimshuka, maana alikuwa anapenda kufundisha, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Alipenda ile dakika ambayo mtoto aliyekwama kwenye kugawanya ananyamaza, anakunja uso, halafu uso unafunguka. Kila alipojaribu kujiona na funguo za stoo mkononi, alijiona mtu mwingine, na mtu huyo hakumpenda.

Basi akarudi Piyaya na kuanza kutafuta uhamisho kwa bidii ya mtu aliyewekewa siku. Na kuhama kwa mwalimu si jambo la kuamka na kufunga begi. Njia ya karibu ni kubadilishana: unamtafuta mwalimu wa kule unakotaka, akubali kuja kwako, wote wawili mnathibitisha kwenye mfumo wa serikali, na wakubwa wanapitisha. Kuna makundi ya WhatsApp yamejaa walimu wanaotafutana hivyo kutwa kucha, kama watu wanaotafuta wachumba. Niko hapa, natafuta pale. Fabian alipanda kilima kilicho nyuma ya shule, ambako ndiko mtandao unakopatikana, akaandika kwamba yuko Piyaya, Ngorongoro, anatafuta Karatu. Alijibiwa kwa vikatuni vya kucheka. Mmoja aliuliza kama Piyaya iko Tanzania. Mwingine alimshauri aoe hukohuko yaishe.

Kwaresima ilikuwa imeshaingia, na Fabian ameshaanza kujizoeza kuwaza mashuka, alipopigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa Mwalimu Godson, mtu wa Machame, anayefundisha shule moja pale Karatu mjini. Alisema yuko tayari kwa Piyaya. Fabian alidhani anataniwa. Godson akasema hana muda wa utani. Karatu bei zake ni za dola, mwenye nyumba akiona magari ya watalii yameongezeka barabarani anapandisha kodi, kana kwamba watalii wenyewe wanalala chumbani kwa Godson. Kisha alikuwa amesikia kwamba Piyaya hakuna pa kutumia pesa, mshahara unalala mpaka unaota ukungu. Alichotaka ni kuomba ruhusa ya siku chache aje aone kwa macho yake kwanza, ndipo athibitishe.

Fabian alimkaribisha kwa mikono miwili. Kuhusu mshahara kulala mpaka kuota ukungu, hakumsahihisha. Alijiambia kwamba mgeni atayaona mwenyewe.

Na bahati ilikuwa upande wake, kwa sababu Godson alifika mvua zikiwa zimenyesha. Piyaya ya msimu huo si Piyaya ya Septemba. Tambarare zote zilikuwa kijani, nyumbu wamezaa, vindama vyao vinakimbia bila sababu, na hata mtu mwenye roho ya chuma angesema mahali hapa ni pazuri. Fabian alimtembeza huku na huku akiyasifu majani utadhani ameyapanda yeye. Lakini Godson alikuwa mwalimu wa hisabati, na watu wa hisabati hawashibi majani. Kiangazi maji mnayachota wapi? Mshahara unautolea wapi? Kilo ya sukari shilingi ngapi? Fabian alijaribu kuyapinda majibu kidogo, Godson akayanyoosha, na ilipofika jioni uso wa mgeni ulikuwa umedondoka kabisa.

"Kumbe hata huku mshahara haulali," Godson alisema. "Unatembea zaidi ya ule wa kwetu."

Ndipo ng'ombe wakapita mbele ya nyumba za walimu wakirudi bomani, kengele zinalia, na Fabian, aliyekuwa anaiona Pasaka inakuja na mlango wa stoo unafunguka, akanyoosha kidole kwa ng'ombe wachache wa kundi lile na kusema neno ambalo hakulipima.

Ila ili ulielewe neno hilo, lazima uijue habari ya ng'ombe wale. Mwaka wa pili wa Fabian pale Piyaya, ukame ulikuwa mbaya. Watu walihamisha mifugo kwenda ronjo, yaani kambi za muda za kufuata malisho, na nusu ya darasa la nne wakaenda na ng'ombe wa baba zao. Mtihani uko mbele, madawati matupu. Walimu wengine walisema ndiyo maisha ya wafugaji, utafanya nini. Fabian alichukua kipande cha ubao, akakifunga begani, na kila mwisho wa wiki alitembea mpaka ronjo, akalala juu ya ngozi, akawafundisha watoto baada ya kukamua na kabla ya kuchunga. Mmoja wao alikuwa Resiato, binti wa mjane aliyeitwa Nanyokie. Mvua iliporudi na watu wakarudi, Nanyokie, kwa ridhaa ya mwanawe mkubwa, alimwita Fabian bomani na kumpa ng'ombe mwenye mimba. Akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo hatamwita tena Mwalimu. Atamwita Pakiteng, na yeye Fabian atamwita yeye Pakiteng, kwa sababu ndivyo wanavyoitana watu wawili ambao kati yao amepita ng'ombe. Fabian alishukuru sana, akalitumia jina hilo kila walipoonana njiani. Ng'ombe alibaki katika kundi la mama yule, akazaa, na mtoto wake akazaa.

Sasa, Fabian ni mtoto wa wakulima wa Mbulumbulu, na mkulima ana kichwa chake. Kwa mkulima, vitu vinakaa na mahali pake. Parokiani kwao waumini walimpa padri ng'ombe wa maziwa. Padri akihamishwa, ng'ombe anabaki na padri mpya, na hakuna aliyewahi kununa. Alivyoona yeye, na aliona kwa moyo safi kabisa, yule alikuwa ng'ombe wa mwalimu kama yule mwingine alivyokuwa ng'ombe wa padri. Hata alijisifu kimoyomoyo kwamba yeye si mtu wa kuondoka na mali ya wenyewe.

"Wale ni ng'ombe wa mwalimu," akamwambia Godson. "Mimi nikiondoka, wanabaki na mwalimu atakayekuja. Ichukulie ni posho ya mazingira magumu. Serikali haijaitoa, wazazi wameitoa."

Uso wa Godson ukarudi pale ulipokuwa. Akauliza wako wangapi, yupi anakamuliwa, na jioni ile walikula ugali na maziwa wakizungumza kama watu ambao mambo yao yamekwisha. Godson alisema akiamka atatafuta mtandao.

Lakini hakuanza na mtandao. Alikuwa mtu mwenye adabu zake, na mtu mwenye adabu hapewi ng'ombe akakaa kimya. Asubuhi, Fabian akiwa darasani, Godson alinunua kilo mbili za sukari kwa bei ileile iliyomshtua jana, akauliza njia, akaenda bomani kwa Nanyokie na mtoto mmoja wa kumtafsiria, kujitambulisha kuwa yeye ndiye mwenye mpya wa ng'ombe.

Kabla ya mapumziko ya saa nne, Nanyokie alikuwa amesimama mlangoni pa darasa la tano. Fabian alitoka kumsalimu kwa jina lao. Hakujibiwa. Nanyokie alitembea mpaka kwenye kivuli cha tangi la maji, akamgeukia, na akasema naye kwa Kimaasai, polepole, ili asipoteze neno hata moja.

"Nilikupa ng'ombe kwa sababu gani?"

Fabian, aliyekuwa ameanza kuelewa, akasema ni kwa sababu ya ronjo, kwa sababu ya Resiato.

"Kwa hiyo nilikulipa."

Fabian akatikisa kichwa.

"Mshahara wako ni wa serikali," Nanyokie akaendelea. "Kama ni mdogo, uidai serikali, na mimi nitakuja kukusaidia kupiga kelele. Mimi sikukulipa. Mtu akishalipwa anaondoka, na kati yenu hakuna kitu tena. Mimi nilitaka kitu kibaki. Leo amekuja mtu nisiyemjua na sukari mkononi, ananiambia ng'ombe wa Pakiteng sasa ni wake. Tangu lini jina la mtu likahamishwa na mkubwa wa ofisi?"

Aibu ina moto wake, na Fabian aliusikia mpaka masikioni. Hakujitetea. Alimweleza tu kwa Kimaasai chake cha kubabaisha jinsi alivyofikiri, habari ya Mbulumbulu, parokia na ng'ombe wa padri, akamwambia kwamba amekosa na kwamba anaona vibaya kuliko anavyoweza kusema. Nanyokie alisikiliza yote. Fabian alipofika kwenye padri, midomo ya mama ilitaka kucheka, akaizuia.

"Padri hana mtoto," alisema. "Wewe unaye wa kumrithisha."

Kisha akamwambia aende akamweleze ukweli yule mtu wa sukari, akajifunga shuka lake na kuondoka. Kama amemsamehe au hajamsamehe, mgongo wake haukusema.

Fabian alimkuta Godson amekaa kwenye ngazi ya nyumba, begi liko miguuni. Sukari yake ilikuwa imepokelewa vizuri, alisema, ila yeye mwenyewe ndiye hakupokelewa. Fabian akakaa karibu naye akamweleza kila kitu bila kukipaka sukari. Kwamba ng'ombe si posho na hakuna ng'ombe anayekuja na kituo. Kwamba kijani hiki ni cha miezi michache, na Septemba utaamka na vumbi kwenye meno. Kwamba maji kiangazi ni safari, mshahara ni safari, na hata kumpigia mama yako simu ni kupanda kilima. Alipokuwa anasema hivyo alijua anaichoma nyumba yake mwenyewe kwa mkono wake, na aliendelea tu, kwa sababu alikuwa amechoka na mtu aliyekuwa amegeuka kuwa tangu jana.

"Nilikudanganya, Mwalimu," akamaliza. "Ukirudi leo sitakulaumu."

Fabian alikuwa ameshaanza kumwaza Hyasinta na maneno atakayomwambia. Halafu Godson akaanza kuzungumza, na aliyoyasema hayakuwa ya ng'ombe. Pale Karatu, alisema, yeye ni mwalimu mpaka saa tisa alasiri tu. Baada ya hapo ni bodaboda, na Jumamosi ni dalali wa viwanja. Wanafunzi wake wakimwona jioni wanamwita kwa kupiga mluzi, kama abiria wengine. Na kwamba mwaka uliopita, baada ya kikao cha wazazi, baba wa mtoto mmoja, dereva wa watalii, alifurahishwa na matokeo ya mwanawe, akamvuta pembeni na kumbandika noti kiganjani.

"Alinipa tipu," Godson akasema. "Na niliipokea. Nikamwambia asante sana bosi, karibu tena. Karibu tena, Fabian, kama mhudumu wa hoteli. Nilifika nyumbani nikashindwa kula."

Akalivuta begi lake, akalifungua, akatoa simu.

"Leo nimemwona mama amevimba kwa hasira kwa sababu mtu ameiita malipo zawadi aliyompa mwalimu. Mahali kama hapa sijawahi kufundisha. Ng'ombe sitaki, nitatafuta wa kwangu nikistahili. Nionyeshe huo mtandao wako uko wapi."

Wakapanda kilima. Mfumo ulizunguka, ukakwama, ukazunguka tena, na wanaume wawili wazima walisimama pale juu wameinua simu kama watu wanaoomba mvua, wakisukumana kutafuta penye mtandao zaidi. Ulipokubali, Fabian alikaa chini kwenye nyasi. Godson akamwambia asije akamtangaza huko Karatu kuwa ni mtakatifu. Posho ya mazingira magumu ataidai, na ataidai kwa sauti, na mama yule ameshaahidi kumsaidia kupiga kelele.

Kibali kilitoka wiki ya Pasaka yenyewe, wakati meneja wa loji ameshaanza kumuuliza Hyasinta mara mbilimbili. Fabian alikwenda kumuaga Nanyokie huku hajui atapokelewa vipi. Alimkuta anakamua. Hakumpa kisogo, ila hakuacha kukamua. Alimwambia ng'ombe watabaki kwake, maana Karatu nyasi zimekwisha kuwa nyumba, lakini ni wa Fabian na wataendelea kuwa wa Fabian hata akienda kuishi Ulaya. Akamuuliza mkewe anaitwa nani, na nyumba yao iko upande gani wa barabara kubwa. Fabian akamweleza. Nanyokie akasema, "Haya, Pakiteng," na jina lile lilimwingia Fabian kifuani likakaa.

Maisha ya Karatu hayakugeuka asali, asikudanganye mtu. Darasa lilikuwa na watoto wengi mpaka dirishani, kodi ilipanda Julai magari ya watalii yalipojaa, na yule aliyechukua kazi ya stoo alinunua pikipiki mpya ambayo kila asubuhi ilipita mbele ya geti lao ikinguruma. Dorkasi alikuwa analala akiwa ameshika kidole cha baba yake, na hilo Hyasinta alilitaka, na alilipata. Lakini kuna siku Fabian alimwona anaitazama ile pikipiki ikipita, na alijua mkewe anapiga hesabu zilezile ambazo mke yeyote mwenye akili angepiga. Ilimuuma, kwa sababu hakuwa na jibu la kumpa.

Siku moja ya mnada, Fabian alirudi kutoka shuleni akakuta shuka jekundu limening'inizwa kwenye ua wake. Nanyokie alikuwa amekaa sebuleni kwenye kochi, shanga zake zote kifuani, Dorkasi yuko mapajani anazihesabu. Pembeni alikaa Resiato, sasa ni msichana wa sekondari aliyevaa sweta la shule, akimtafsiria mama yake. Mwana mkubwa wa Nanyokie alikuwa ameleta madume mnadani, na mama alikuwa amepanda gari hilohilo la mifugo tangu usiku haujaisha, si kwa ajili ya mnada. Alikuwa ameshukia barabara kubwa na kuuliza watu nyumba ya Hyasinta, mke wa Pakiteng wake, mpaka akaonyeshwa.

Alikuwa ameleta kibuyu cha maziwa ya mgando na samli kwenye chupa. Alikuwa ameingia jikoni bila kualikwa, akafungua friji, akakuta maziwa ya pakiti, na akamuuliza Hyasinta kwa huruma ya kweli kama ng'ombe wa Karatu wanaumwa. Hyasinta, ambaye kazi yake ni kupokea wageni wa dunia nzima, alikuwa anahangaika kama msichana aliyetembelewa na mama mkwe, anachemsha chai mara ya pili na kutafuta vikombe vizuri. Nanyokie alimweleza habari za kila ng'ombe, nani amezaa, nani ana tabia mbaya, nani mwenye baka jeupe begani. Huyo mwenye baka, alisema, ameshamtenga kuwa wa Dorkasi, labda kama mama mtoto ana neno. Hyasinta alisema hana neno.

Alasiri gari la mnada lilipopiga honi, Nanyokie aliinuka, akapita chumba kwa chumba akitazama, akasimama kwenye kitanda cha Dorkasi, akakibonyeza kwa kiganja. Akasema sasa ameona Pakiteng wake analala wapi, na hilo ndilo lililomleta. Akatema mate kidogo kiganjani, akampaka Dorkasi kwenye paji la uso kama baraka, na akaondoka na binti yake.

Hyasinta alisimama getini mpaka gari likapotea. Fabian alisimama naye. Ile pikipiki ya stoo ilipita, na safari hii mkewe hakuigeukia.

"Miaka tisa niko lojini," Hyasinta akasema hatimaye, anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Wageni wananikumbatia, wananiachia tipu, wananiambia hawatanisahau maisha yao yote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniuliza ninalala wapi."

Akalifunga geti, akamgeukia mumewe.

"Desemba tunakwenda Piyaya, Baba Dorkasi, wote watatu. Siwezi kuwa na ng'ombe nikaletewa habari zao na watu, wakati miguu ninayo."